LUKU moja, vyumba sita: umeme ugawanywe vipi?

MwenyeBanda_Sakina

Wakuu, habari za jioni. Nina vyumba sita vya kupangisha hapa Sakina, Arusha, vyote kwenye LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) moja, na kila chumba kinachanga sawa. Wapangaji wawili wana friji, mmoja anapikia jiko la umeme, na kuna mama mmoja mwenye taa mbili na chaji ya simu tu. Baridi hii imeongeza maneno, maana wawili wamefunga hita za kuogea. Je, niweke sabumita (mita ndogo ya kila chumba) au niombe LUKU nyingine? Na ile kodi ya majengo inayokatwa kwenye umeme ni ya nani?

FundiUmeme_Kijenge

Mkuu, kuchanga sawa kwako hakufai. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa tano kila siku haimalizi uniti moja na nusu kwa mwezi. Friji ndogo hula uniti 25 hadi 30. Jiko la koili la wati 1,500 likiwaka saa mbili kwa siku linakula uniti 90. Huyo mama anaonewa, na haki yake ianze kurudi mwezi huu huu hata kabla fundi hajafika: mpunguzie mchango.

Sabumita inawezekana, ila kazi kubwa iko kwenye nyaya, mita yenyewe ni ya nusu saa. Banda lililojengwa chumba baada ya chumba huwa na laini za kuazima: soketi ya chumba cha tatu imevutwa darini kutoka cha pili, taa ya barazani inatoka cha kwanza. Ukifunga mita bila kuzifumua hizo, mmoja atalipia umeme wa mwenzake na ugomvi utakuwa mkubwa kuliko wa sasa. Kipimo chake ni chepesi. Zima breka ya chumba kimoja: kila kitu cha chumba hicho kizime, na kisizime kingine chochote nje yake. Rudia kwa vyote sita.

Kila chumba kipate laini yake na nyutro yake kutoka kwenye bodi ya breka. Waya wa milimita 2.5 na breka ya ampea 20 vinatosha chumba cha kawaida. Chenye hita kivutiwe waya wa milimita 6 na breka ya ampea 32, na waya wa ethi usiachwe kamwe, hapo kuna mtu aliyelowa maji. Hita ya wati 5,000 peke yake inavuta karibu ampea 22, kwa hiyo hita mbili na jiko vikiwaka pamoja umefika ampea 50. Waya mwembamba kutoka LUKU hadi kwenye bodi utachemka, na dalili ya kwanza ni harufu ya plastiki kwenye meni swichi.

Chukua sabumita yenye tarakimu za kuzunguka, siyo ya kioo cha dijitali: umeme ukikatika bado inasomeka. Ziwekwe zote barazani kwenye boksi lenye kufuli na kidirisha, kila mpangaji ajisomee. Kabla ya kukabidhi, pima. Kama mita imeandikwa 1600 kwa kila uniti, yaani kitaa chake kinapepesa mara 1600 kwa uniti moja, washa birika la wati 1,500 peke yake: kitaa kipepese kama mara 40 kwa dakika. Kikipepesa mara 60, irudishe dukani. Na fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Hesabu_Pasua

Niongeze upande wa hesabu, maana hapa Moshi ndipo wengi wanapokosea. Kodi ya majengo kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, nayo ni ya mwenye nyumba. Inakatwa ununuzi wa kwanza wa mwezi. Tuseme umenunua umeme wa 20,000 ukapata uniti 52. Ukigawa 20,000 kwa 52 unapata 385 kwa uniti, na hapo umewabebesha wapangaji kodi yako. Toa kwanza 1,500, gawa 18,500 kwa 52: inabaki kama 356. Hiyo ndiyo bei ya kuwatoza.

Soma mita zote siku moja, saa ile ile, pamoja na LUKU, na upige picha. Jumla ya sabumita sita ikitolewa kwenye matumizi ya LUKU, kinachobaki ni taa za nje, na hicho ndicho cha kuchanga sawa. Kikipanda ghafla, zima breka zote sita na taa za nje, kisha tazama kitaa cha LUKU. Kikiendelea kupepesa, umeme unavuja au kuna waya uliopita kando ya sabumita.

Dada_Moshono

Kaka, kama una uwezo, LUKU ya kila chumba ndiyo nzuri zaidi kwa mpangaji. Mita yenu moja inapita uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo mko kwenye bei ya 356. Mtu wa taa mbili akiwa na mita yake kwenye daraja la matumizi madogo, D1, analipa karibu 122 kwa uniti, kodi zikiwemo. Ni theluthi tu. Ila gharama ya kuunganishiwa mjini inazidi laki tatu kwa kila mita, na kila chumba kitahitaji bodi yake. Ningeanza na mbili: moja ya wenye hita na jiko, nyingine ya waliobaki.

MwenyeBanda_Sakina

Asanteni sana, hasa hilo la 1,500, nitawarudishia. Swali la mwisho: nani anunue? Umeme unaisha saa nne usiku na kila mtu anamtazama mwenzake.

Hesabu_Pasua

Nunua wewe. Kila mpangaji atangulize kiasi alichotumia mwezi uliopita, tarehe 1, na tofauti irekebishwe mwezi unaofuata. LUKU isishuke chini ya uniti 30. Ikifika hapo mpangaji yeyote akutumie ujumbe. Yaandike hayo kwenye mkataba pamoja na namba za mwanzo za kila sabumita, wote wasaini. Maji gawa kwa vichwa, siyo kwa vyumba.

FundiUmeme_Kijenge

Na anayedaiwa kodi ya chumba usimzimie breka. Deni la pango lina njia yake: barua, mwenyekiti wa mtaa, kisha baraza la ardhi na nyumba. Boksi libaki na funguo mbili, moja kwako na moja kwa mpangaji waliyemchagua wenyewe, breka ikianguka usiku wasikae gizani wakikusubiri.