Mafundi wa chaja mnaosema "bodi imekufa" bila kutoa hata mita kwenye begi, mnatukera sana!

Wakuu salaam. Leo naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mnivumilie.

Hapa godauni tunatumia foklifti za umeme, betri zile za maji volti 48, seli 24. Chaja ni ya fezi tatu. Tatizo lenyewe: asubuhi opareta anakuta taa ya kijani, yaani imejaa, anachomoa anaingia kazini, saa sita haijafika mashine imekata pumzi katikati ya makontena, uma haupandi na mzigo uko juu juu. Bosi anafoka, opareta anasema chaja, na mimi fundi umeme wa hapa ndo jalala la kila lawama.

Nataka kuifungua naambiwa usiguse, ina waranti ya waliotuuzia (siwataji, wenyewe wanajijua). Haya. Akaja kijana wao na overoli imepigwa pasi, akatoa kifuniko, akachungulia, akapuliza vumbi kwa mdomo, akasema "broo, kontroo bodi imekufa hii", yaani ile sakiti inayoongoza chaja. Namuuliza umepima nini? Ananijibu eti uzoefu. UZOEFU!! Ikaja profoma, yaani karatasi ya bei kabla ya kununua, bodi mpya milioni nne na ushee, waranti haihusiki sababu eti umeme wetu unacheza, na betri tujiandae kununua nyingine maana "imechoka".

Na kabla hajaondoka akazijaza seli maji mpaka juu wakati betri haina chaji. Chaji ilivyokolea, seli zikaanza kuchemka, asidi ikapanda ikamwagika juu ya betri yote, chuma kimelowa chapachapa. Jamani si hata mwanafunzi wa VETA anajua maji unaongeza chaji ikishaisha? Labda ukute sahani za ndani ya seli ziko wazi, hapo unaweka kidogo tu zifunikwe basi. Nani kasafisha ule uchafu? Mimi.

Nikasema liwalo na liwe. Wenzangu walipotoka nikachukua mita nikaanza mwanzo. Fezi nikapima mbili mbili, zote 400 na kidogo, hakuna iliyokosekana. Fyuzi nikaichomoa kabisa nikaipima nje, nzima. Nikachomeka chaja kwenye betri, nikapima pale chaja inapotolea moto: volti 57.6, ampia 80. Safi kabisa, bodi iliyokufa inatoa hivyo? Nikahamia kwenye nguzo za betri yenyewe chaji ikiwa inaendelea, nakuta 55.2. Volti 2.4 zimeishia njiani!! Nikaenda kushika plagi inayounganisha chaja na betri nikaachia hapo hapo, inaunguza kama pasi ya mkaa. Piga hesabu mwenyewe, 2.4 mara 80 ni wati 192 zinapikwa ndani ya plagi. Kuifungua, pini ya chanya nyeusi tii, springi yake imelegea, plastiki imeanza kuyeyuka upande mmoja, na kwenye lagi, kile kichwa cha chuma kinachobanwa mwisho wa kebo, karibu nusu ya nyuzi za kebo zimekatika.

Sasa tuelewane hapa maana ndo penye utapeli. Chaja yetu haina waya wa kupima kwenye nguzo za betri, inasoma volti zake yenyewe kule ndani. Betri ya asidi ikifika kama volti 2.4 kwa seli, mara 24 ni 57.6, chaja inajua gesi imeanza, inashusha ampia na kuanza kuhesabu muda wa kumalizia. Huku betri iko 2.3 tu bado inataka chakula, chaja inafunga hesabu mapema inawasha kijani. Bodi inafanya kazi yake, inadanganywa na plagi.

Na ile "betri imechoka" nayo uongo. Haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi, ilionyesha 1.21 hadi 1.22 seli zote, na seli iliyokufa huwa inabaki nyuma peke yake, hizi zilikuwa na njaa tu. Nilikata kebo mpaka penye shaba safi, nikabana lagi mpya, nikaweka plagi niliyoitoa kwenye mashine mbovu, ikachaji usiku kucha, asubuhi zinasoma 1.28, yaani zimejaa. Foklifti sasa inamaliza shifti.

Kinachoniuma zaidi, uhasibu walishalipa ankara ya "ukaguzi". Ukaguzi gani huo wa macho? Na jamaa bado wanapiga simu kuulizia bodi tunaagiza lini.

Wadau wa Dar, plagi orijino za ampia 160 mnachukua wapi? Kariakoo nimezunguka naona feki tu, pini nyepesi hizo mwezi hauishi zitaungua tena. Na kuna aliyewahi kudai hela ya ukaguzi kama huu akarudishiwa? Aliandika barua au alienda ofisini kwao?