Maktaba ya Python inafanya kazi kwangu, ikisakinishwa kwingine haisomi faili la vipimo

mwalimu_wete

Assalaam alaykum. Nafundisha kompyuta skuli ya sekondari hapa Wete. Programu ndogo ndogo za Python naandika, lakini kufunga maktaba (msimbo wa kutumiwa na programu nyingine) na kuichapisha PyPI, hazina ya mtandaoni ya maktaba za Python, ndiyo mara yangu ya kwanza, basi naomba mnivumilie nikieleza kwa urefu.

Maktaba si yangu, ni ya binamu yangu aliyeko Unguja. Inageuza vipimo vyetu, yaani kibaba, pishi, ratili na frasila, kuwa kilo na lita. Aliianza kwa ajili ya daftari la karafuu, maana huku mchumaji hulipwa kwa pishi, na anayeweka hesabu kwenye kompyuta anataka kilo. Kazi yenyewe si kuzidisha tu. Frasila ni uzito, ratili 35, karibu kilo 15.88. Pishi ni ujazo, vibaba 4, na uzito wake unategemea umejaza nini. Pishi ya mchele si pishi ya karafuu, na karafuu mbichi si kavu. Tena pishi ya mfuto, iliyofutwa juu ikawa sawa, na pishi ya tele, iliyorundikwa juu, ni vitu viwili mbalimbali, na hapo ndipo watu hudhulumiana. Kwa hiyo uzito wa kila kitu umewekwa katika faili la `vipimo.json`. Namba zilizomo nimezipima mimi, kwa pishi ya bibi na mizani, kila kitu mara tano, nikifuta juu kwa ubao ule ule. Binamu ameandika msimbo, mimi nikajitolea kuichapisha ili na wengine waitumie.

Nimeanza na TestPyPI, ile PyPI ya majaribio. `python -m build`, amri ya kujenga kifurushi, imekwenda vizuri, kupakia kumekwenda vizuri. Kwenye kompyuta yangu kila kitu sawa. Mwanafunzi wangu mmoja akaisakinisha kwenye kompyuta ya skuli, ikatoka `FileNotFoundError`, haioni `vipimo.json`. Nimekwenda mwenyewe nikaona kwa macho yangu. Nikarekebisha nilivyodhani, nikajenga upya, nikapakia tena kwa namba ile ile ya toleo, 0.1.0. Safari hii TestPyPI imekataa kabisa, inasema faili tayari lipo. Nimelifuta kule kwenye tovuti, bado inakataa. Nimekaa nalo tangu baada ya Isha jana mpaka karibu na alfajiri.

Nifanye nini? Na je, ni sawa mimi kuichapisha kitu ambacho msimbo wake si wangu?

fundi_mkunazini

Waalaykum salaam mwalimu. Tuanze na faili lililopotea. Lile la `.whl`, kifurushi cha kusakinisha kilichojengwa ndani ya folda ya `dist`, ni zipu tu. Andika `python -m zipfile -l dist/` kisha umalizie jina la faili lako, halafu soma orodha. Nadhani utaona mafaili ya `.py` yote na `vipimo.json` halimo. Setuptools, chombo kinachojenga kifurushi, huchukua msimbo. Faili la data halichukui mpaka uliseme. Kwenye `pyproject.toml`, faili la mipangilio ya mradi, ongeza:

`[tool.setuptools.package-data]`
`vipimo_pwani = ["*.json"]`

(Weka jina la folda yako badala ya `vipimo_pwani`.)

Kwako ilifanya kazi kwa sababu ulikuwa umesimama ndani ya folda ya mradi. Python hutazama kwanza hapo ulipo, ikaikuta folda yenyewe na JSON yake, wala haikugusa kilichosakinishwa. Ulikuwa unajaribu kitu kingine kabisa. Hamishia folda ya maktaba ndani ya `src`, na kosa hilo halitakudanganya tena.

Tazama pia binamu analifungua vipi faili hilo. Kama ni `open("vipimo_pwani/vipimo.json")`, itavunjika hata faili likiwemo, maana njia hiyo inahesabiwa kutoka pale mtumiaji aliposimama. Itumike `importlib.resources.files`, ipo tangu Python 3.9.

Toleo sasa. Jina la faili likishatumika PyPI halitumiki tena milele, hata ukilifuta. TestPyPI ni vivyo hivyo. Usigombane nalo, panda 0.1.1. Na kabla ya kujenga futa folda ya `dist` yote. Mafaili ya 0.1.0 yakibaki mle, ile `dist/*` unayoandika wakati wa kupakia, yaani kila kilichomo `dist`, itayabeba nayo, utakataliwa tena na utadhani 0.1.1 ndiyo mbovu. Mimi hilo limenila siku nzima.

mjukuu_wa_bububu

Nijibu lile la mwisho, naona limepitwa. Mwalimu, kuchapisha kazi ya mwenzio ni sawa kabisa ikiwa yeye ameridhia kwa maandishi, na maandishi hayo ni leseni. Je, kuna faili la LICENSE kwenye mradi? Kama hakuna, kisheria haki zote ni za binamu yako, hata kama msimbo uko wazi kila mtu anausoma. Mtu wa Tanga au wa Lamu akiuchukua hana ruhusa. Mpigie simu umuulize anataka leseni gani, MIT, GPL au nyingine. Ni yeye wa kuchagua, usimchagulie. Kisha zile namba za `vipimo.json` ni jasho lako wewe, basi nawe jina lako liingie kwenye `authors`, orodha ya waandishi. Usione haya.

PyPI yenyewe ina akaunti yake, ile ya TestPyPI haiingii huko. Tangu Januari 2024 uthibitisho wa hatua mbili ni lazima kwa kila mtu, basi hifadhi zile namba za akiba kwenye karatasi, simu hupotea. Kupakia ni kwa tokeni, herufi za siri unazotengeneza kwenye akaunti yako: jina la mtumiaji unaandika `__token__`, na nywila ni tokeni yenyewe, inayoanza na `pypi-`. Ya kwanza itakuwa ya akaunti nzima kwa kuwa mradi bado haupo. Ukishapakia, ifute utengeneze nyingine ya mradi huo peke yake. Halafu mwongeze binamu kama mmiliki, maktaba isifungwe kwenye simu ya mtu mmoja.

mwalimu_wete

Ahsanteni sana, Mungu awazidishie.

Fundi, nimeisoma ile orodha. Mafaili matatu ya `.py`, maelezo ya kifurushi, basi. JSON halimo. Siku zote za kupima zilikuwa zimebaki kwenye kompyuta yangu tu, kimenisikitisha kuliko nilivyotarajia. Na `open` ilikuwa kama ulivyosema, binamu ameshaibadilisha.

Mjukuu, LICENSE haikuwepo. Nimempigia, amechagua MIT, na akasema hakujua kwamba bila ya hiyo watu hawaruhusiwi.

Nimefuta `dist`, nimejenga 0.1.1. Kabla ya kupakia nimefungua mazingira mapya kwa `python -m venv`, nikatoka kabisa kwenye folda ya mradi, nikasakinisha lile faili la `.whl`. Imesoma.

Jambo moja nimeliona nilipokuwa naandika README, faili la maelezo kwa mtumiaji. Msimbo unakubali neno `pishi` bila kuuliza ni ya mfuto au ya tele, na namba zangu zote ni za mfuto. Mchumaji akipimiwa ya tele, programu itamwandikia pungufu. Nizuie 0.1.1 nisubiri?

fundi_mkunazini

Subiri. Toleo ukishalitoa watu wanalisakinisha, na ukilifuta utawavunjia kazi. Ipo njia ya kuliondoa bila kulifuta, likabaki kwa aliyelitaja kwa namba yake tu, lakini usianzie huko. Iite `pishi_mfuto` sasa, na `pishi` tupu itoe kosa linalomtaka mtumiaji achague.

mwalimu_wete

Nimefanya hivyo, ni 0.2.0. Imepanda PyPI leo saa tatu asubuhi. Yule mwanafunzi ameisakinisha kwenye kompyuta ileile ya skuli, akaandika `pishi`, ikamuuliza ya mfuto au ya tele. Ya tele bado haimo. Kesho nakwenda kuiazima tena pishi ya bibi.