Mazingaombwe uwani kwa Mama Imani

*Kikundi: MAJIRANI WA MWEMBENI 🥭*

Jumapili

Mama Imani: Majirani habari za jioni. Jumamosi ijayo Imani anatimiza miaka minane. Mambo ya binti mfalme kayakataa, anataka sherehe ya mazingaombwe. Watoto wote wa mtaa wanakaribishwa, saa nane mchana uwani kwetu. Kadi hii hapa 👇
[picha]

Baba Neema: Hongera kwa binti! Tutafika na njaa zetu

Bi Rukia: Mama Imani, kadi nimeiona. Fuvu la nini siku ya kuzaliwa ya mtoto? Na huyo mwenye joho jeusi ni nani?

Mama Imani: Shikamoo Bi. Ni picha tu nimeiokota mtandaoni

Bi Rukia: Marahaba. Kwako picha tu. Mjukuu wangu ana miaka mitano, akiliona hilo fuvu halali, na asipolala yeye wa kukesha ni mimi.

Mama Zuhura: Naungana na Bi. Baba Zuhura nimemwonyesha, kauliza sherehe ni hapa au Gamboshi, kule kunakosifika kwa uchawi 😂

Deo: 😂😂😂

Mama Imani: Haya, fuvu linaondoka. Naweka sungura na nyota

Bi Rukia: Sungura hana neno.

Jumatatu

Baba Neema: Nina namba ya bwana mmoja wa mazingaombwe, huwa anazunguka mashuleni. Nimempigia, anataka laki moja na nusu, nauli juu yetu. Anakula moto, anatafuna nyembe

Mama Zuhura: HAPANA

Mama Zuhura: Huyo msimlete kabisa. Alikuja mmoja shuleni kwa mtoto wa dada yangu, akatafuna nyembe zake akaondoka. Wiki ileile mtoto kakutwa nyuma ya choo na kipande cha wembe, anajaribu. Watoto wanaiga!

Deo: Enzi zetu tulitoa hamsini, tunafungiwa darasani madirisha yamezibwa khanga, jamaa anatoa utepe mdomoni mpaka unafika mlangoni. Nilikaa muda mrefu najipapasa koo nikitafuta wangu

Mwl. Asha: Jamani, laki na nusu ya nini? Vitu vilivyomo jikoni kwa Mama Imani vinajaza saa nzima. Na wembe haumo.

Baba Neema: Jikoni? Tuwafanyie watoto mazingaombwe ya ugali?

Mwl. Asha: Cheka tu. Chemsha choya, yale maua mekundu ya juisi, chuja, acha ipoe. Ichanganye na maji kidogo iwe nyekundu ya kupenyeza mwanga, igawe glasi tatu. Ya kwanza usiiguse. Ya pili kamulia ndimu, inawaka nyekundu zaidi. Ya tatu tia magadi kidogo uone inavyogeuka, inakwenda kwenye buluu-kijani, nyeusinyeusi hivi. Halafu hiyo ya tatu irudishie ndimu taratibu: inatoa povu na wekundu unarudi. Mtoto wa miaka mitano anapiga kelele, na wa kumi na moja pia.

Mama Imani: Magadi haya ya kuwekea maharage??

Mwl. Asha: Hayohayo. Choya ina rangi inayobadilika ikikutana na kitu kichachu au kitu cha magadi. Ukipata bekingi soda ni safi zaidi. Siyo bekingi pauda, ile imeshachanganywa na kitu cha uchachu ndani, inajitolea povu yenyewe.

Bi Rukia: Kwani hilo jipya? Shati jeupe lenye doa la mchuzi wa manjano ukilitia sabuni doa linakuwa jekundu kama damu. Mara ya kwanza nilikuwa mwari, nikadhani nimeharibu shati la baba, nikalificha.

Mwl. Asha: Bi Rukia umenitangulia! Ndiyo hiyo hiyo. Koroga manjano na maji, paka kwenye karatasi nyeupe, ikauke. Mtoto achovye kidole kwenye maji ya sabuni ya mche aandike jina lake. Linatokea jekundu.

Mama Zuhura: Nimejaribu sasa hivi kwenye kona ya daftari la Zuhura 😳 kweli tupu

Mama Zuhura: Zuhura analia ni daftari la hesabu

Deo: 🤣🤣

Jumatano

Mama Imani: Nimeloweka mayai matatu kwenye siki nyeupe kama Mwalimu alivyosema. Yamejaa vipovu ganda zima, yanazungukazunguka yenyewe. Nimekaa nayatazama, wali umeungua

Mwl. Asha: Siki inalila ganda, hiyo ni hewa inatoka. Kesho badilisha siki. Ijumaa jioni suuza polepole chini ya bomba, ganda lote litakuwa limekwisha, limebaki yai laini kama mpira, unaona kiini ndani ukilielekeza kwenye taa. Linadundadunda, ila kutoka kimo cha vidole vinne tu, na chini kuwe na beseni. Ndani bado ni bichi.

Baba Neema: Kwa hiyo watoto waambiwe siri zote? Raha ya mazingaombwe si kutojua?

Mama Zuhura: Mimi nataka waambiwe. Mtoto asirudi nyumbani anaamini jirani ana nguvu

Deo: Mimi nipo na Baba Neema. Ukimwambia mtu kila kitu unabaki na kikombe cha choya

Mwl. Asha: Tufanye hivi. Kwanza tunaonyesha, wanapiga kelele, wanabisha, kila mtu anatoa dhana yake. Tusiwakatize hapo, hapo ndipo penyewe. Baadaye tunawapa vifaa wafanye wao. Deo abaki na moja la kutosema.

Deo: Nina la sarafu!

Bi Rukia: Msiwape watoto kiberiti.

Mwl. Asha: Hapana Bi, moto haupo. Hata ile barua ya maji ya limao inayotokea ikipata joto, pasi nashika mimi.

Alhamisi

Mama Imani: Fimbo za mazingaombwe, nimenunua vijiti vya mishikaki nitavizungushia karatasi ya kung'aa

Mama Zuhura: Vile vyenye ncha? Watoto ishirini, kila mmoja na kijiti chenye ncha usawa wa macho ya mwenzake?

Mama Imani: 🙈 Haya mishikaki tutachomea nyama

Baba Neema: Nina magazeti makuukuu rundo. Ukiviringisha kwa pembeni kutoka kona hadi kona, ukabandika gundi ya unga, inatoka fimbo ngumu nyembamba. Neema keshatengeneza sita. Kofia nazo za manila

Mama Zuhura: Baluni zilizopasuka tuokote papohapo, wadogo wanatia vipande mdomoni

Deo: Nimefanya mazoezi ya sarafu mbele ya mke wangu. Kagundua dakika ile ile

Mwl. Asha: Ulifanyaje?

Deo: Nimebandika karatasi nyeupe mdomoni mwa glasi, nikaifudikiza mezani. Sarafu pembeni. Naifunika glasi na leso, naisogeza juu ya sarafu, natoa leso, sarafu haipo kwa sababu karatasi imeifunika. Tatizo kitambaa cha meza ni cha maua

Mwl. Asha: 😂 Deo! Meza itandikwe manila ileile uliyokatia karatasi ya glasi. Ileile, siyo nyeupe nyingine, weupe unatofautiana. Na ukate ukingo usizidi glasi hata nywele. Usiku fanya na taa ya juu, uone kama kuna kivuli.

Baba Neema: Kaka unaua siri kwenye kikundi, watoto wanashika hizi simu

Deo: Ujumbe huu umefutwa

Baba Neema: Umefuta ule usio na siri

Ijumaa

Mama Imani: Mgawanyo: Bi Rukia choya na visheti. Mama Zuhura bisi na ubuyu. Baba Neema mkeka, mabeseni, magadi. Mwalimu ndiye bosi. Mimi pilau na keki

Bi Rukia: Choya ya kunywa naweka kwenye jagi lenye mfuniko. Ya kuchezea iwe kwenye ndoo. Sitaki mtu anyweshwe magadi.

Mwl. Asha: Na mkeka uwe mbele ya meza, asikae mtu ubavuni wala nyuma ya Deo.

Jumamosi, saa 1:20 usiku

Mama Imani: Asanteni sana majirani 🙏 Imani kalala na kofia yake

Baba Neema: Ile pilipili manga juu ya maji imeniua. Kidole kikavu hamna kitu, kidole chenye sabuni inakimbia mpaka ukingoni mwa sahani. Neema karudia mpaka pilipili imeisha nyumbani

Mama Zuhura: Yule mdogo wa mwisho aliyesema "pilipili inaogopa kuoga" 😂😂

Mwl. Asha: Mimi nimempenda aliyeuliza kama na ukwaju utafanya kama ndimu. Tukajaribu, ukafanya. Hakuna aliyemfundisha.

Bi Rukia: Yai limepasukia kwenye visheti.

Mama Imani: Samahani Bi, ni Imani, alitaka kulidundisha kutoka juu ya kiti

Bi Rukia: Nimecheka mimi. Nilihifadhi vingine.

Bi Rukia: Deo, ile sarafu yangu ya mia mbili uliyoipoteza mbele za watu hujanirudishia.

Deo: Bi nilikurudishia pale pale, ilionekana nilipoinua glasi!

Bi Rukia: Niliyoiona ni ya mia.

Baba Neema: 👀👀

Deo: Nakuja asubuhi Bi