Stendi ya bei nafuu ya balbu ya kusomea: bomba la waya, saruji au mbao?

mwl_chumbageni

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya stendi ya balbu ya mezani kwa ajili ya bweni hapa Tanga mjini, wanafunzi wasomee usiku bila kuwasha taa kubwa ya dari. Zinatakiwa 20. Vifaa viwe vya kununua dukani hapahapa, Ngamiani au Mgandini, na fundi wa kawaida aweze kuziunda bila mashine. Meza ni nyembamba, sm 45 tu, na vijana hawana simile, kitu kitavutwa na kuangushwa.

Maswali yangu: holda (kishikio cha balbu) iwe ya pini au ya skrubu? Kitako kiwe cha nini ili isipinduke? Na waya unabanwaje usichomoke? Zile za dukani za bei ya chini nimeona zinaanza kulegea waya pale chini kabla hata balbu haijaungua.

fundi_laivu

Mwalimu, umeshagusa penyewe. Stendi ya bei rahisi haifi kwa balbu, inafia mahali waya unapoingia. Hilo lishughulikie kwanza, urembo baadaye.

Muundo ninaokushauri ni wa vifaa vya kupitishia waya ukutani, yale mabomba meupe ya plastiki ya mm 20. Kila duka la umeme yapo. Kwa stendi moja unahitaji: bomba la mm 20 kipande cha sm 36 (mguu) na cha sm 20 (mkono), elbo moja (kiungo cha kona), raundi boksi ya njia moja (boksi la mviringo lenye mdomo mmoja wa bomba), holda ya dari ile bapa ya kufunga kwa skrubu mbili, skrubu mbili za mm 4 zenye nati za shaba (mara nyingi zinakuja na boksi), waya laini wa nyuzi nyingi, wa njia mbili, saizi 0.75 (milimita za mraba), mita 2 na nusu, swichi ya kwenye waya, plagi ya pini tatu, na tai mbili za plastiki za kubania waya.

Kwa nini raundi boksi? Matundu yake ya skrubu yako umbali wa inchi 2, na holda za dari za kawaida zimetobolewa kwa kipimo hichohicho. Huhitaji kutengeneza kishikizo chochote. Boksi linakaa kwenye ncha ya mkono, uso wake ukitazama chini, holda inafungwa hapo na balbu inaning'inia juu ya daftari. Kabla ya kupaka gundi unaweza kulizungusha boksi kwenye bomba nyuzi 15 hadi 20 ili mwanga uelekee mbele.

Bomba la mita 3 linatoa stendi tano na kipande kinabaki, kwa hiyo manne yanatosha kwa zote 20. Pima kabla ya kukata, mengine hayafiki mita 3 kamili.

Sasa waya. Toboa tundu la mm 8 ubavuni mwa mguu, sm 4 kutoka ncha ya chini. Kitako kikiwa na unene wa sm 3, tundu litakuwa sm 1 juu yake. Lisugue kwa msasa mpaka ukingo uwe laini. Funga tai mbili kwenye waya, zikiwa zimeshikana, sm 65 kutoka ncha itakayoingia kwenye holda. Kaza kwa koleo mpaka zibonyeze ganda la waya kidogo. Halafu ingiza ncha nyingine ya waya kutokea juu ya mguu, ishuke, uitoe kwa tundu la ubavuni na kuivuta mpaka tai zigote ndani ya bomba. Mtu akivuta waya, nguvu inaishia kwenye tai na haifiki kwenye skrubu za holda. Plagi na swichi unafunga mwisho, la sivyo hazipiti.

Tundu liwe chini kabisa kwa sababu nyingine pia: ukivutwa waya unaotokea chini, stendi inateleza mezani. Ukivutwa unaotokea juu, inapinduka.

Usigundishe elbo mpaka umeshapima kila kitu.

Kuhusu pini au skrubu: zote zinafanya kazi. Ya pini haijali laivu imefungwa upande gani. Ya skrubu inajali sana: laivu, waya wa kahawia unaoleta umeme, lazima iende kwenye kile kibati cha katikati, na nyutro, wa bluu unaorudisha, kwenye gamba lenye nyuzi. Ukigeuza, mtoto anayebadilisha balbu anaweza kugusa gamba lenye umeme. Ukikuta waya wa rangi za zamani, nyekundu ndiyo laivu na nyeusi nyutro. Swichi ikate laivu, siyo nyutro.

Kwa upepo wetu wa chumvi, springi za holda ya pini za bei ya chini hushika kutu, balbu inaanza kupepesa. Mimi ningechukua ya skrubu yenye vibati vya shaba, mradi anayefunga anajua rangi.

kipande_cha_mninga

Fundi kaeleza vizuri, ila kitako hajasema. Mimi ni wa mbao, na najua wengi watakuja hapa na saruji.

Tupige hesabu ya kupinduka: uzito mara umbali wake kutoka ukingo wa kitako, upande wa kichwa dhidi ya upande wa kitako. Mkono ukiwa sm 20 pamoja na elbo, kichwa kiko kama sm 22 kutoka kwenye mguu. Boksi, holda na balbu ya LED tuchukue gramu 200. Kitako cha mviringo cha saruji chenye kipenyo cha sm 16, mguu katikati: ukingo uko sm 8, kwa hiyo kichwa kimepita ukingo kwa sm 14. 200 mara 14 ni 2,800. Kitako cha kilo 1.3 mara 8 ni 10,400. Kinashika karibu mara nne.

Chukua kipande cha mninga mkavu, sm 20 kwa 20, unene sm 4. Kina karibu kilo 1. Kichwa kimepita ukingo kwa sm 12 tu: 200 mara 12 ni 2,400, dhidi ya 1,000 mara 10, yaani 10,000. Ni mara nne vilevile, na kitako ni chepesi zaidi. Upana unafanya kazi sawa na uzito.

Na ukiacha kuweka mguu katikati, ukausogeza nyuma sm 3 kutoka ukingo, kichwa kinapita mbele kwa sm 5 tu. Hapo unapata mara kumi. Vipande vya namna hiyo karakana za samani wanavitupa au wanachomea.

Tundu la mguu toboa mm 20 kwa keekee, kina sm 3 (vipimo vya fundi havibadiliki), bomba liingie kwa kubana, kisha skrubu moja ya shaba kutoka ubavuni mwa ubao ipite kwenye bomba isizunguke. Skrubu hiyo ikae chini ya tundu la waya, siyo usawa wake. Chini gundisha vipande vinne vya soli ya ndala.

fundi_laivu

Hesabu sina ugomvi nayo. Lakini mwalimu kasema meza ni sm 45. Ubao wa sm 20 uliokaa chini ya mwanga unachukua mahali pa daftari. Mguu ukiwa nyuma ya kitako ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kitako chote kinakuja mbele, pale anapoandikia.

kipande_cha_mninga

Hapo sawa. Basi mkono ugeuzwe uelekee ubavuni, kitako kikae kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia. Kivuli cha mkono hakitaangukia anachoandika. Kwa wa mashoto kinyume chake.

saruji_ya_pongwe

Wale wa saruji tumefika 😀

Kwa 20, saruji bado ni nafuu na haihitaji keekee. Kwa kitako kimoja cha kipenyo cha sm 16 na unene wa sm 3: gramu 300 za saruji, kilo 1 ya mchanga, maji gramu 150 hivi. Kwa vyote, kilo 6 za saruji, 20 za mchanga na lita 3 za maji. Mchanganyiko ni moja kwa tatu kwa ujazo. Maji usiyazidishe ili upate urahisi wa kumimina: saruji iliyolowa sana inatoa unga juu na kingo zinameguka.

Kalibu: ndoo ndogo ya plastiki ya rangi ya lita 4, nyingi zina kipenyo karibu na hicho. Paka mafuta ya kupikia kidogo ndani ili kitoke bila kupasuka.

Bomba la plastiki ni laini, halishikani na saruji, litazunguka tu. Kwa hiyo sm 1 kutoka ncha ya chini toboa pande zote mbili, pitisha msumari wa inchi 2 uvuke bomba. Ziba ncha ya chini kwa tepu ili saruji isipande ndani. Tundu la waya nalo lizibe kwa tepu wakati wa kumimina, mbona watu husahau hilo! Simamisha bomba kwa kulifunga kwenye fito mbili zilizolala juu ya ndoo, angalia kwa timazi.

Toa kwenye kalibu kesho yake, kisha kwa siku 7 kifunike kwa gunia lililoloweshwa. Ukikianika juani siku ya kwanza kinapasuka kuanzia kwenye bomba, kwa sababu uso unakauka na kusinyaa kabla ndani hakujakomaa.

Mchanga wa ufukweni usiutumie. Kitako hakitavunjika, lakini chumvi inavuta unyevu, kinatoka unga mweupe wa chumvi na ule msumari unaoza. Mchanga wa mto, uliochekechwa.

mwl_chumbageni

Ahsanteni sana. Nimeelekea kwenye saruji, mguu katikati. Bado mawili: kivuli cha taa kiwe cha nini, na hizi plagi za pini mbili ambazo ni rahisi zaidi, zina tatizo gani?

fundi_laivu

Plagi ya pini mbili haina fyuzi, na soketi zetu za matundu matatu zina vifuniko vinavyofunguka kwa pini ndefu ya juu. Ndiyo maana unaona mtu anachokonoa tundu la juu kwa kalamu ili pini mbili ziingie. Bwenini sitaki hata kulifikiria. Nunua ya pini tatu, halafu toa fyuzi ya ampea 13 iliyomo na uweke ya 3. Ampea 3 kwa volti 230 ni wati 690, taa yako ya wati 7 haifiki hata robo ya robo yake. Fyuzi ya 13 inaachia mkondo ambao waya wa 0.75 utapata moto kabla haijakatika.

Stendi hii ni plastiki tupu na waya wa njia mbili, pini ya athi (ya kupeleka umeme ardhini) inabaki bila waya. Hilo ni sawa. Lakini mtu akija na wazo la bomba la chuma au kivuli cha bati, hapo waya uwe wa njia tatu na chuma kifungwe kwenye athi. Hakuna mjadala.

Kingine: waya kagua kabla ya kulipa. Kwangua ncha kwa wembe. Ukiona rangi ya fedha ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Ikikunjwa mara kadhaa nyuzi zinakatika moja moja, na penye skrubu inalegea na kuchemka. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ukishaimenya, sokota nyuzi, zikunje mara mbili ndipo uzikaze. Usizitie risasi (ya kuchomelea nyaya) kwanza, risasi inanywea chini ya skrubu na baada ya muda inalegea.

kipande_cha_mninga

Kivuli: kifuu. Nusu ya nazi kubwa, msasa ndani na nje, paka nyeupe ndani mwanga urudi chini. Kama holda ina pete ya kubania kivuli, toboa tundu la saizi ya pete hiyo. Kwa za pini huwa mm 29 hivi, za skrubu nyingi zinafika 40, pima kwanza. Kisha toboa matundu sita ya mm 6 kuzunguka juu, joto lipande.

Balbu iwe LED tu, wati 5 hadi 7. Zile za nyuzi za zamani, wati 60 ndani ya kifuu juu ya bomba la plastiki, bomba linalainika na mkono unainama. Hata LED yenyewe sehemu inayochemka ni shingo, kule kwenye vifaa vyake, ukiiziba kabisa inakufa mapema.

saruji_ya_pongwe

Na msirefushe mguu mkidhani mwanga utaenea. Kutoka sm 40 kwenda 80, mwanga unaofika kwenye karatasi unabaki robo.

mwl_chumbageni

Umeme ukikatika je? Naweza kuweka balbu za kuchaji kwenye stendi hizi?

fundi_laivu

Unaweza, lakini jua mawili. Betri inaongeza uzito kwenye kichwa: hata kikifika gramu 300, kitako cha kilo 1.3 bado kinashika mara mbili na nusu, kwa hiyo sawa. La pili, balbu hizo hutambua kukatika kwa umeme kupitia nyaya zenyewe. Plagi ibaki kwenye soketi na swichi zote ziwe zimewashwa. Mwanafunzi akichomoa plagi akidhani anaibeba kama tochi, itazima.

Kabla ya kugundisha elbo, kila stendi ipime kwa multimita (kipima umeme), balbu haimo, plagi haimo kwenye soketi. Kati ya pini ya laivu na ya nyutro kusiwe na mguso wowote, swichi ikiwa imewashwa au imezimwa. Kati ya pini ya laivu na kibati cha katikati, swichi ikiwashwa isome karibu na sifuri, ikizimwa isisome kitu. Kisha shika kitako kwa mkono mmoja, vuta waya kwa nguvu ya kubeba kilo 5 au 6. Weka alama ya kalamu kwenye waya pale unapotokea kabla ya kuvuta. Alama ikisogea nje, tai zimeteleza: chomoa elbo, toa waya, kaza upya.