Kompyuta ya punguzo: pesa wamekata, mzigo haujaonekana

Ndugu zangu, habari za huko mliko.

Kazini tuna mpango wa punguzo la kompyuta. Kampuni inayozitengeneza haituuzii moja kwa moja, kuna wakala katikati. Niliagiza kompyuta mpakato, wakaahidi kuileta ndani ya wiki mbili, na muda huo umeshapita zamani. Nikimpigia wakala naambiwa mzigo uko kwa kampuni. Nikiwapigia kampuni wanasema oda ya wakala hawawezi kuigusa. Binti yangu anaanza chuo na anaingojea mashine hiyo hiyo. Nisubiri au nidai pesa yangu?

*

Kaka, pole sana. Usiendelee kusubiri hivi hivi. Haki zako zina mwisho wa muda, na simu hizi za nenda-rudi ndizo zinazoumaliza.

Tazama kwanza taarifa ya kadi yako. Malipo yakiwa bado "yanasubiri", pesa imeshikiliwa tu. Yakiwa yamekamilika, imekwenda. Kwa mliopo Marekani, malipo ya kadi ya mkopo kwa bidhaa ambayo haikuletwa kama mlivyokubaliana mnaweza kuyapinga kwa barua, na barua hiyo ifike benki ndani ya siku 60 tangu ilipotumwa taarifa ya kwanza yenye malipo hayo. Iende kwenye anwani ya malalamiko ya bili, ambayo mara nyingi si ile ya kulipia. Simu peke yake haikulindi. Kadi ya debiti haimo kwenye sheria hiyo, kwa hiyo aliyeitumia aiulize benki yake utaratibu wake mapema.

Muuzaji naye anabanwa. Kanuni ya FTC, shirika la serikali ya Marekani linalolinda wateja, inamtaka asafirishe ndani ya muda aliotangaza, na kama hakutangaza, ndani ya siku 30. Akishindwa, ni lazima akuarifu na akupe hiari: ukubali tarehe mpya, au ufute oda urudishiwe pesa yote. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya nako mzigo unatakiwa ukufikie ndani ya siku 30, kama hamkukubaliana vingine. Uingereza kuna pia sheria ya mwaka 1974 inayoifanya benki ya kadi ya mkopo iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000. Ila hapo mtu wa kati anaweza kuharibu mambo: ulinzi huo unaweza kupotea kama pesa haikwenda kwa muuzaji mwenyewe. Angalieni jina lililoandikwa kwenye taarifa ya kadi, ni la nani.

Leo hii mwandikie wakala barua pepe, fupi tu: "Oda namba hii, niliyoilipia tarehe hii, haijafika. Niambieni kwa maandishi mliituma kiwandani lini na itasafirishwa lini. Isipotoka kufikia tarehe hii, naifuta na nataka pesa yote irudi kwenye kadi niliyolipia." Usimtukane, wala usimsimulie habari ndefu. Barua hiyo ndiyo utakayoiambatisha kwa benki.

*

Kaka, niongezee kidogo. Kabla hujafuta, waulize kama oda imekwama kwenye uhakiki, maana hili linatupata sana sisi tunaoishi ugenini. Ukihama nyumba na anwani ya kadi ikabaki ya zamani, au jina la kazini likawa na majina matatu na la kadi mawili, oda inaweza kuwekwa pembeni bila mtu kukwambia. Hilo linarekebishika kwa simu moja. Na kama uliomba kompyuta yenye kumbukumbu (memory) kubwa zaidi au kibodi tofauti, mashine inaundwa upya kwa ajili yako. Binti akiharakishwa na chuo, omba wakubadilishie upewe iliyo tayari ghalani.

Wakikupa namba ya kufuatilia mzigo, usitulie bado. Namba huzaliwa lebo inapochapwa, hata kama boksi halijatoka ghalani. Ngoja mpaka msafirishaji mwenyewe aandike kwamba ameupokea.

Na ikifika, ingiza namba ya mashine (serial number) kwenye tovuti ya kampuni siku hiyo hiyo, uone dhamana imeanza kuhesabiwa lini. Ikiwa imeanzia tarehe wakala alipoinunua, tuma risiti yako uombe waisogeze.