Babu yetu hakufa kwa huzuni ya meli, acheni uongo kwenye dokumentari zenu!

Wakuu habari za jioni, niko Ujiji hapa na hasira zimenipanda hadi chakula hakipiti, mtanisamehe nikiandika ovyo.

Iko hivi. Babu mzaa mama alifariki, zamani alikuwa oila kwenye MV Liemba, mtu wa kule chini kwenye injini. Siku ya arobaini wakaja vijana wawili na kamera na droni, wanatengeneza dokumentari ya meli. Sawa, meli yenyewe ina mambo, Wajerumani waliiunda Papenburg 1913 ikaletwa Kigoma vipande vipande kwenye masanduku, 1916 wakaizamisha wenyewe adui asiichukue, Waingereza wakaiibua 1924 na 1927 ikarudi ziwani kwa jina la Liemba. Hiyo haitoshi? Haitoshi, wao wanataka mtu wa kuliza watu.

Jana nimeiona. Eti babu alikuwa anashinda ufukweni anaingoja meli yake itengenezwe na huzuni hiyo ndiyo iliyomuondoa. Babu huyu huyu aliyekuwa akisema ile meli imemla sikio la kushoto kwa makelele! Alipostaafu alihamia kwenye michikichi yake, ukitaka kumwona anacheka mwambie mawese yamepanda bei. Kilichomuua ni sukari, tumehangaika na kidonda cha mguu miaka miwili, hiyo kwenye filamu haimo hata sekunde moja.

Lakini kilichonichoma ni mama mdogo. Aliwaambia kwenye kamera "baba sikuwahi kumwona akilia ila siku ile, alilia mpaka akakaa chini." Anaisema siku tuliyomzika mjomba wangu, nilikuwepo nimeshika taa maana umeme ulikatika. Jamaa wamekata swali, wakaichukua sauti wakaibandika juu ya picha ya Liemba imefungwa bandarini na kinanda kinalia chini chini. Yaani maneno ni yake yote, hakuna hata moja la kutunga, na bado ni uongo mtupu. Mama mdogo kaangalia kwenye simu yangu akaniuliza, "mie nilisema hivyo?"

Halafu kuna mzee wa kanzu anaonekana mgongo tu anatazama jua linazama. Bibi akauliza huyu nani, maana babu kanzu alivaa Idi tu. Hawajaandika popote kwamba ni mtu wa kukodi.

Marekani nako filamu ya 2021 ya yule mpishi Anthony Bourdain walimtengenezea sauti kwa kompyuta isome alichoandika, watu wakaja juu kwelikweli. Angalau wao hawakuhamisha msiba wa mtu wakaupeleka kwenye chuma.

Nimewapigia, mmoja wao ananijibu "kaka familia ilisaini, na huo ni ubunifu." Tulisaini kweli, karatasi nne za Kiingereza, wageni wa arobaini wako uani wanasubiri wali. Ubunifu kafanye na babu yako.

Ninachotaka ni ile rekodi nzima ya mama mdogo, iliyofika kama saa moja na nusu, na kile kipande kitoke. Kuna mwanasheria humu au aliyewahi kupambana na hawa watu? Na kama unamfahamu yule mzee wa kanzu, nahisi ni wa Kibirizi, njoo inboksi, sina ugomvi naye kabisa, nataka tu kujua walimwambia anamuigiza nani.