Nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani, Lamu: chokaa au saruji?

Mwana Mkomani: Assalaam alaykum wanamji. Nyumba yetu ya mirathi kuta zinamomonyoka na daka la mlangoni limeinama. Fundi wa chokaa kanitajia bei ambayo kwa saruji ningemaliza nyumba mbili. Nikitaja saruji naambiwa hairuhusiwi, mji ni urithi wa dunia tangu 2001. Sasa mwenye nyumba ni nani?

Fundi Chokaa: Wa alaykum salaam. Ndugu yangu, saruji utailipia mara mbili. Jiwe letu ni la matumbawe, hunywa unyevu na kuutoa. Chokaa huupitisha, saruji huufungia ndani. Chumvi ikafumuka, boriti zikaoza vichwa vilivyoingia ukutani. Nimebandua lipu ya saruji nyumba moja nyuma ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ukuta ukachoteka kwa kiganja.

Binti Langoni: Kila siku Mkomani. Sisi mtaa wa Langoni, wenye nyumba za makuti, hatuna historia? Au historia ni vidaka vya ukutani tu?

Mwana Mkomani: Dada, nimeuliza saruji. Lakini umeyataka mwenyewe: nyumba za mawe nyingi ni za karne ya 18. Langoni ilijaa baadaye, ngome ilipokwisha jengwa.

Binti Langoni: Baadaye! Na mawe yale yalijibeba? Watu walioletwa kwa nguvu ndio waliofanya kazi mji huu. Mgeni akionyeshwa vidaka hatajiwi hata mmoja wao. Hilo nijibu, chokaa utaongea kesho.

Mzee wa Barazani: Wanangu, polepole. Ngome ilianza baada ya vita vya Shela, kijiji jirani, 1813 au hapo karibu, ikaisha miaka ya 1820 na kitu. Sisi tumeikuta jela, hadi 1984. Binti asema kweli, tusimkate kauli.

Mpwani Mombasa: Mnagombania nani alitangulia, na wageni wananunua nyumba moja moja. Shela mmeiona? Wenyewe mtauza, mtakuja kulia.

Mwana Mkomani: Nani kakwambia nauza? Nyumba hii bibi yetu alipewa na babake siku aliyoolewa, kama mabinti wengi wa mui huu. Warithi wako Mombasa huko, wanapiga simu kuulizia fungu lao, dari ikivuja hawapatikani.

Mpwani Mombasa: Kama ni mimi unisemaye, nitaje. Nani aliyenunua boriti za chumba cha ndani? Mwambie mamako akwambie.

Mwana Mkomani: Boriti zenyewe umeleta fupi, hazikufika ukuta wa pili.

Mzee wa Barazani: Ya nyumbani yamalizeni nyumbani, jamani.

Binti Langoni: Mimi bado sijajibiwa.

Mwana Mkomani: Dada, sikukataa. Walibeba wao, na ni haki watajwe mlangoni pa kila nyumba, yetu ikiwa ya kwanza. Fundi, chokaa nikiiloweka sasa, itafaa kabla ya masika?

Fundi Chokaa: Itafaa, iache shimoni wiki kadhaa, isikauke juu. Na boriti fupi usizikate, zipeleke kwenye choo, kule ni kwembamba.